Jina la Mbwa wa Bazilio

Kibondo, 11 Januari 1998

Dada Apoline,

Winnie amemng'ata mbwa sikio sasa hivi. Amelivuta kwa mikono miwili akalitia mdomoni, na mbwa mwenyewe katulia tu, ananiangalia kama anauliza, sasa huyu mwanao nimfanyeje? Nimemtoa, nimempangusa manyoya ulimini, analia anamtaka tena. Ndiyo maana mwandiko huu unapanda na kushuka, nimempakata.

Bwana asifiwe, dada. Amakuru, habari za Makere? Shemeji hajambo, na kile kifua chake? Maharage yamesalimika na mvua hizi? Huku mvua imebomoa choo cha Adija, huyu mama aliyetupa pa kulala, tunaazima kwa jirani. Vinginevyo tu wazima.

Utashangaa mbwa ametoka wapi. Ile bohari ninapochambua maharage ya wakimbizi, wezi wamekata waya mara nyingi, sasa bosi anataka walinzi wenye mbwa. Akasema na mwanamke mmoja awepo, maana wanaopekuliwa getini wengi ni wanawake. Wanawake wote wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono. Dada usinigombeze. Atakayefaulu anapata kazi na chumba nyuma ya bohari, cha bati, kina mlango wa kufunga kwa ufunguo. Unajua shida yangu ni moja tu. Reverien alisema mbele yako, mahindi yakivunwa kaka yake, mume wangu, hajarudi na mimi bado nalala jikoni kwa watu, anakuja kumchukua Winnie ampeleke Munanila kwa ukoo wake. Nikiwa na chumba atasema nini?

Basi tunafundishwa kwenye uwanja nyuma ya bohari, wanaume na mimi peke yangu mwanamke. Mwalimu ni Mzee Rigobert, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, kwao alifuga mbwa wa polisi. Yeye ni mtu mwema. Tatizo ni wanafunzi wenzangu. Kuna Hilali, huyo anapiga mluzi mwenzake akishaanza kumkalisha mbwa wake, anarusha mifupa katikati ya mstari, mbwa wote wanavurugana. Na kuna Bazilio, katoka Munanila juzi juzi, mrefu, mdomo haufungi.

Tuliambiwa kila mtu ampe mbwa wake jina. Unajua kwetu mbwa hapewi jina bure, jina la mbwa ni maneno ya kumfikia jirani. Mimi wangu nimemwita Tushukuru. Hilali wake anaitwa Wivu. Bazilio aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akamwita wake Mumewe-Yuwapi.

Sasa kutwa nzima ni hiyo. Mumewe-Yuwapi, njoo! Mumewe-Yuwapi, kaa chini! Mumewe-Yuwapi, kamata! Wenzake wanajishika mbavu. Nikigeuka anasema, "Mama, kwani nimekuita? Namwita mbwa."

Dada, kama una habari yoyote ya Evaristi niandikie. Tangu aende Munanila kumwona baba yake mwezi wa kumi na moja sijapata hata salamu za mdomo.

Mdogo wako,
Esteri


Makere, 2 Februari 1998

Mdogo wangu Esteri,

Barua yako nimeipata jana, dereva alikwama Mabamba siku nyingi, imelowa pembeni lakini imesomeka. Tumshukuru Mungu kwa uhai. Shemeji yako kifua bado, anakohoa akilala. Maharage yameoza nusu, mahindi yanatupa moyo. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja kafa.

Habari ya mbwa imenishangaza kweli. Mama angekuwa hai angesema mwanamke hashiki kamba ya mbwa, hata kuwinda hatuendi. Lakini mama hayupo na chumba kinahitajika. Shika kamba.

Huyo Bazilio usimnyamazie. Jina hujibiwa kwa jina. Mbwa wako mwite Watachoka, au mwite Yanakuhusu-Nini, uone kama hatafunga mdomo. Ndivyo bibi alivyomkomesha yule jirani wa Muyama, mpaka akahama shamba.

Mume wako, tumesikia mguu ulivimba. Ndiyo habari iliyofika huku. Usije Makere kwa sasa, daraja limebebwa na maji. Wala usiende Munanila. Maliza hayo masomo. Na mtu yeyote akikusimamisha njiani akasema ana maneno ya huko, mwambie una haraka.

Winnie mpake mafuta ya mawese kifuani akilala.

Ni mimi dada yako,
Apoline


Kibondo, 1 Machi 1998

Dada,

Nashukuru kwa barua na kwa habari ya mguu. Nimelia kidogo, kisha nikafurahi, maana mguu unapona. Nilikuwa nawaza mabaya. Huyo mtu anapenda kutembea peku kwenye matope, nimemwambia mara ngapi! Wamkande kwa maji ya chumvi. Shemeji pole na kifua. Winnie sasa anasema "bwa" na "baba", lakini baba anamwita mbwa. Tumecheka na Adija mpaka machozi.

Lile jina la Watachoka nilimpelekea Mzee Rigobert. Akakataa katakata. "Hapana, mama. Jina ya imbwa hatubadilishe katikati. Utamuita, atabaki anakuangalia tu kama mugeni." Nikamwambia, mzee, nifanyeje basi, nikisema kaa, Hilali anapiga mluzi, nikisema njoo, Bazilio anapaza lile jina, mbwa wangu anageuza kichwa huku na huku mpaka kamba inanikata kiganja. Juzi Hilali alimwachia Wivu kamba makusudi, akaja kumrukia Tushukuru, nikaanguka kwenye tope na sketi yangu ya kanisani. Walivyocheka! Mmoja akasema, "Mwacheni, anazoea kulala chini."

Mzee akanichukua mpaka mwisho wa uwanja, kwenye mikaratusi. Akasema, "Hapa sauti yabo inafika kidogo tu. Tutaanzia hapa. Bale batu usishindane nabo, makelele yabo tutaitumikisha." Akanipa dagaa wakavu kwenye mfuko. Kazi yenyewe ni hivi. Wakipiga kelele, mimi nisiseme kitu. Nimngoje mbwa aniangalie usoni. Akiniangalia tu, dagaa. Wakipiga tena, akiniangalia, dagaa. Wala nisimvute kamba, nisimfokee. Halafu siku inayofuata tunasogea hatua chache karibu nao, na inayofuata tena. Akishindwa tunarudi nyuma, si aibu.

Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Dada, imekubali! Sasa hivi tunafanya kazi katikati ya uwanja. Hilali akipiga mluzi, Tushukuru macho kwangu. Mfupa ukirushwa, anaunusa kwa mbali, macho kwangu. Hilali kaishiwa, siku hizi anarusha na kwenda kuokota mwenyewe.

Ila kuna kitu kimoja kinanichoma, nikuambie wewe tu. Kelele kubwa kuliko zote ni za Bazilio, kwa hiyo dagaa wengi nimewatoa kwenye jina lile. Akishapaza tu, Mumewe-Yuwapi!, mbwa wangu anageuka mbio, anakaa, mkia unafagia chini, ananitazama machoni kwa furaha kabisa kama anayesubiri jibu. Nami sina jibu, nina dagaa.

Na lingine silielewi. Wanaume wengine wanacheka, lakini Bazilio siku hizi hacheki. Ananiita huku kanuna, kama mimi ndiye niliyemkosea. Juzi nilikuwa namchezesha Winnie na mbwa, nacheka, akatema mate pembeni akasema, "Kuna wanawake moyo wao jiwe." Nimemfanya nini mtu huyu?

Niambie Evaristi kama anaweza kupanda gari.

Esteri


Makere, 20 Machi 1998

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Mvua zimepungua. Shemeji yako tulimpeleka hospitali, wamempa dawa, anakula uji. Mahindi tunavuna wiki ijayo, tutakuletea ya kuchoma gari likipatikana.

Huyo mzee Mkongo ana akili. Fuata yake, ya kwangu ya jina yaache. Ukiona kelele, wewe angalia cha kwako. Hata mimi hapa nafanya hivyo, watu wanakuja na maneno, mimi napalilia.

Uliuliza habari ya gari. Hawezi kupanda gari.

Mtihani wenu ni lini? Hukuandika. Niandikie siku yenyewe, na uniambie kama ufunguo wa chumba mnapewa siku hiyo hiyo au baadaye. Uliza mapema. Na jina lako liandikwe Esteri tu, la mume usiliweke.

Mbusu Winnie.
Apoline


Kibondo, 19 Aprili 1998

Apoline,

Sijui nianze na salamu gani. Winnie mzima. Adija mzima.

Jumatano Mzee Rigobert alikuwa na malaria, tukaambiwa tujizoeze wenyewe. Basi wakavuruga walivyotaka. Bazilio akaleta mbwa wake karibu yangu kabisa, akaanza. Mumewe-Yuwapi! Mumewe-Yuwapi! Tushukuru akakaa, akaniangalia. Nilikuwa nimeishiwa dagaa. Mbwa ananiangalia, ananiangalia, mkia unafagia, na mimi mfuko mtupu. Nikachoka. Nikamgeukia Bazilio nikamjibu kama mtu anayejibu salamu.

"Yuko kwao Munanila. Mguu ulivimba. Akipona anarudi."

Hilali akavua kofia. Nikadhani nimewashinda, nikaanza na kutabasamu, Mana yanje, Mungu wangu, nilikuwa natabasamu.

Bazilio akasema, "Mama Winnie, unanitania?"

"Nikutanie nini?"

"Wewe... hawakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akakaa chini pale pale, mtu mzima, kwenye majani. Akasema, "Mimi nilikuwa mmoja wa waliochimba."

Nilimsikia lakini sikumwelewa. Nikauliza, mlichimba nini? Tushukuru bado ananitazama.

Baadaye ndiyo walinieleza. Kwamba walimzika Evaristi kabla ya Noeli. Kwamba Munanila nzima inajua walituma mtu kuniita, na mke hakuja, wala hakuleta mtoto amwage udongo. Kwamba yeye Bazilio alipofika hapa akanikuta nina nywele zangu zimesukwa, nacheka na mbwa, akasema huyu ndiye yule mwanamke. Akawaambia wenzake. Mambo yote yale, mifupa, mluzi, tope, jina, walidhani wananipa haki yangu. Hilali alilia. Alisema, "Dada, tulijua unajua."

Huyo aliyetumwa kuniita alipitia Makere. Amenitajia hivyo Bazilio. Anasema alipitia kwa dada yake mke, akaambiwa ujumbe utafika.

Mtihani ni tarehe 23 Mei. Ufunguo siku hiyo hiyo.

Esteri


Makere, 3 Mei 1998

Esteri mdogo wangu,

Pole. Pole sana, mama. Mungu akushike.

Mguu ulivimba kweli. Hilo sikusema uongo.

Reverien amekuja hapa mara mbili tangu mahindi yavunwe. Anatafuta mjane na mtoto. Anasema mjane asiye na nyumba anarithiwa, na asiyetaka kurithiwa anaacha mtoto kwa wenyewe. Mara ya kwanza nilimwambia ulihamia Mwanza. Mara ya pili hakukubali. Shemeji yako alimkoholea mpaka akatoka nje.

Nyoa nywele kama unataka kunyoa. Lakini kwenye mtihani nenda.

Shemeji yako anakusalimu. Hali si nzuri.

Apoline


Kibondo, 24 Mei 1998

Dada yangu Apoline,

Bwana asifiwe. Naandika haraka, dereva wa Makere anaondoka leo, nimekaa juu ya debe, maana kitanda bado. Ni chumba changu. Kina dirisha moja la kuelekea kwenye magunia. Winnie anazunguka anapiga bati kwa kijiko, kila ukuta anaujaribu sauti yake.

Nisikuache na mashaka, nimefaulu. Nilinyoa, Adija ndiye alininyoa. Nilifika uwanjani na kichwa kitupu na kanga nyeusi. Bosi alikuja na kiti chake. Mtihani wa mwisho ni kumweka mbwa akae na kutulia wakati wenzako wanapiga kelele kwa nguvu zao zote. Wenzangu wote walifanyiana vizuri, yaani vibaya, makelele mpaka kunguru waliruka. Zamu yangu ilipofika, wakanyamaza.

Mzee Rigobert akawafokea, "Pigeni makelele! Huu ni mtihani, haiko misa!" Wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeweza kumpigia kelele mjane aliyenyoa. Na Tushukuru, dada, yule mbwa alikuwa hajazoea kimya. Hakuniangalia. Akaanza kuangalia watu mmoja mmoja, kama anauliza mmepatwa na nini, mara akanyanyua makalio. Bosi akachukua kalamu.

Nikamwambia Hilali, "Kaka, nakuomba. Piga kelele kama zamani."

Akasema, "Siwezi, dada."

Nikamwambia, "Mwanangu atachukuliwa."

Akapiga. Haikuwa mluzi, ilikuwa sauti kama ya mtu aliyeshikwa na moto, na wengine wakamfuata, wakapiga kelele uwanja mzima huku machozi yanawatoka wengine, na Tushukuru akakaa, akageuza macho kwangu, hakupepesa. Bosi akasema inatosha. Wao hawakunyamaza mara moja.

Bazilio kashindwa. Mbwa wake anasikia jina lake tu, na yeye aliposimama katikati kumwita, akanitazama, akafungua mdomo, akafunga. Bosi akasema, mwite. Akaita, "We! We njoo!" Mbwa akaenda zake kunusa magunia. Aliondoka jana hiyo hiyo, hakuaga. Sikumchukia. Kama kuna mtu aliyenililia mume wangu kwa hasira inayostahili, ni yeye.

Wewe pia sijakuchukia. Nilikuchukia, nisikufiche, kuanzia Pasaka mpaka jana nilipotiwa ufunguo mkononi. Ndipo nikahesabu na kuona kwamba ningejua Desemba ningekwenda Munanila na Winnie mgongoni, na nisingerudi naye. Lakini dada, umenifanya nicheke miezi yote ile. Hilo sijui tutaliweka wapi. Tutaliongea tukionana, hata kama si leo, hata kama si mwaka huu.

Sasa sikia kilichopo. Reverien amefika asubuhi na wazee wawili. Wako hapo getini. Mwenyekiti wa kitongoji ameshawaambia, mtoto mdogo, mama yake ana kazi na ana pa kulala, abaki na mama. Reverien hakubisha. Amesema tu kwa upole, na upole wake ndio umeniogopesha, kwamba Jumamosi wanaondoa matanga, mke na mtoto waende. Nikienda na Winnie, hatoki tena Munanila, wewe unajua, mimi najua, mwenyekiti akishalala nani atawauliza? Na nisipokwenda, basi. Shamba si langu, jina si langu, kaburi sitalionyeshwa, nimejitoa mwenyewe mbele ya wazee. Anataka nitoke niseme kwa mdomo wangu, waondoke nalo.

Nitasema siji. Nimeshaamua, nimemfungia Winnie ndani na Tushukuru yuko mlangoni. Usiku naanza zamu.

Ila wewe dada nenda. Daraja sasa linapitika. Mwachie jirani shemeji siku moja, uende Munanila Jumamosi, wewe hawatakufukuza. Ukimaliza kusalimia watu, omba wakuonyeshe mahali penyewe. Ukae hapo kidogo. Winnie atakuwa hayupo kumwaga udongo, mwagie wewe kwa mkono wake, useme ni wa Winnie. Umwambie baba yake mtoto ameota meno yote ya mbele, anatembea, anasema baba vizuri. Usimwambie anamwita nani.

Na mimi, dada, umwambie sikukataa kuja. Umwambie sikujua, na nilipojua nilikuwa nimeshachelewa, na leo ningeweza kuja lakini

Reverien ananiita, mara ya pili sasa. Umwambie hivi, umwambie Esteri amesema